Acha kubofya, uliza: Mistari michache ya amri inavyofichua siri ya selimundu

UKIMWEKEA mwanafunzi wa sayansi molekuli ya himoglobini kwenye skrini, jambo la kwanza atakalofanya ni kushika kipanya. Ataizungusha, ataivuta karibu, kisha ataanza kubofya huku na huku akitafuta mahali anapopataka. Nusu saa baadaye bado anabofya. Na mhadhiri akimuuliza amechagua nini hasa, jibu linakuwa: “Si hii hapa, ya rangi nyekundu?”

Jibu hilo halitoshi. Kwenye himoglobini mbili zilizolala kando kando kuna karibu atomu 9,000. Jicho halina uwezo wa kujua kama ile nyekundu ndiyo yenyewe au ni jirani yake. Kidole kikiteleza kidogo tu, unakuwa umepaka rangi kitu kingine kabisa, na picha bado itapendeza.

Habari njema ni kwamba programu hizi zina mlango mwingine ambao vijana wengi hawaujui: sehemu ya kuandika amri. Badala ya kubofya, unaiandikia programu sentensi fupi inayoeleza unachokitaka, nayo inakuletea. Hiyo sentensi ndiyo tunayoiita uteuzi, na sentensi kadhaa zikipangwa kwenye faili moja zinakuwa skripti.

Ebu tuone inavyofanya kazi kwa mfano unaotuhusu hapa nyumbani.

Herufi moja, maumivu ya maisha

Selimundu si ugonjwa wa vitabuni tu. Familia nyingi za Kisumu, Siaya, Homa Bay, Busia na Kilifi zinaujua kwa majina ya watoto wao. Chembe nyekundu za damu, ambazo kwa kawaida ni duara na laini, hujikunja zikawa na umbo la mundu. Zinakwama kwenye mishipa midogo, mtoto analia kwa maumivu ya mifupa, na damu inapungua kila mara.

Mwaka wa 1949, Linus Pauling na wenzake nchini Marekani walionyesha kwamba himoglobini ya wagonjwa hawa ni tofauti na ya kawaida. Miaka michache baadaye, Vernon Ingram akiwa Cambridge, Uingereza, aligundua kwamba tofauti yenyewe ni ndogo ajabu: kwenye mnyororo wa beta wenye asidi amino 146, ni moja tu iliyobadilika. Mahali pa asidi glutamiki pamekaliwa na valini. Kwenye DNA, ni herufi moja: GAG imekuwa GTG.

Kenya ina nafasi yake katika hadithi hii. Anthony Allison, mtafiti aliyekulia humu nchini, alikusanya damu kutoka jamii mbalimbali mwaka huo huo wa 1949. Aliona kwamba wenye nusu ya urithi wa selimundu ni wengi Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, lakini ni wachache kwenye nyanda za juu zenye baridi. Mwaka wa 1954 alichapisha ushahidi kwamba urithi huo wa nusu humkinga mtu dhidi ya malaria. Ndiyo maana jeni hii haijatoweka: inamuumiza anayeirithi kwa wazazi wote wawili, lakini inamlinda anayeirithi kwa mmoja.

Sasa swali la kijana mwenye laptopu ni hili: hiyo valini iko wapi hasa, na inafanya nini pale ilipo mpaka chembe nzima ya damu ikajikunja?

Kila atomu ina anwani

Jibu liko wazi kwa yeyote mwenye intaneti. Hazina ya kimataifa ya maumbo ya protini, maarufu kama PDB, ilianzishwa mwaka wa 1971 ikiwa na maumbo saba tu. Leo yamepita 200,000, na kuyapakua hakulipishwi hata senti. Kila umbo lina kitambulisho cha herufi na tarakimu nne. Himoglobini ya selimundu isiyobeba oksijeni ni 2HBS. Ile ya kawaida, pia isiyobeba oksijeni, ni 4HHB.

Ukifungua faili ya 2HBS kwa programu ya kawaida ya kuandikia, hutaona picha. Utaona orodha ndefu kama rejista ya shule. Kila mstari ni atomu moja, na kila atomu ina anwani yake: jina la atomu, jina la asidi amino iliyomo, nambari ya hiyo asidi amino, herufi ya mnyororo, kisha vipimo vitatu vya mahali ilipo.

Ni kama kumwelekeza mgeni nyumbani. Kaunti ni ile molekuli, mtaa ni mnyororo, nyumba ni asidi amino, na mlango ni atomu. Ukikosa kutaja mtaa, mgeni atagonga nyumba nambari sita ya kila mtaa.

Programu nyingi za kuangalia molekuli zinaelewa anwani hizi. RasMol ya Roger Sayle ilikuwa ikipokea amri za kuandikwa tangu miaka ya mapema ya 1990. VMD ilitoka Chuo Kikuu cha Illinois. ChimeraX inatoka Chuo Kikuu cha California, San Francisco. PyMOL iliundwa na Mmarekani Warren DeLano, akaitoa mwaka wa 2000. Alifariki 2009 na kampuni ya Schrödinger ikachukua usukani, lakini toleo la msimbo huria bado linapatikana bure.

Tutatumia PyMOL hapa kwa sababu amri zake zinasomeka kirahisi. Andika hivi, mstari baada ya mstari:

fetch 2hbs
hide everything
show cartoon
select mundu, resi 6 and chain B+D+F+H
show spheres, mundu
color red, mundu

Mstari wa kwanza unaleta faili kutoka PDB. Wa pili unafuta kila kitu kwenye skrini, wa tatu unachora protini kama utepe. Wa nne ndio uteuzi wenyewe: chagua asidi amino nambari sita kwenye minyororo B, D, F na H, na kundi hilo uliite mundu. Jina unalipanga wewe, hata kwa Kiswahili. Mistari miwili ya mwisho inaonyesha kundi hilo kama mipira na kuipaka rangi nyekundu.

Kwa nini minyororo minne? Kila himoglobini ina minyororo miwili ya alfa na miwili ya beta. Faili hii ina himoglobini mbili, hivyo jumla ni minane. Alfa ni A, C, E na G. Beta ni B, D, F na H. Kosa la selimundu liko kwenye beta pekee.

Ukisahau kutaja minyororo na kuandika resi 6 peke yake, PyMOL haitakukemea. Itakupa za alfa pia, na nambari sita ya alfa si valini wala asidi glutamiki, ni asidi aspartiki. Utakuwa umepaka rangi nyumba nane badala ya nne, na nusu yake hazihusiki na ugonjwa huu hata kidogo.

Chai na mandazi

Hapa ndipo wengi huanguka, na lugha ndiyo inayowaangusha.

Tuseme unataka minyororo B na D. Kwa Kiswahili tunasema “B na D”, kwa hivyo unaandika hivi:

select beta, chain B and chain D

PyMOL inakujibu kwamba imepata atomu sifuri. Unashtuka. Faili imeharibika? La, faili iko sawa. Shida ni kwamba neno and kwenye programu si lile “na” la mazungumzo.

Fikiria umeingia kibandani ukaagiza chai na mandazi. Mhudumu wa kawaida anakuletea vitu viwili. Lakini mhudumu anayefikiri kama PyMOL ataenda jikoni kutafuta kitu kimoja ambacho ni chai na papo hapo ni mandazi. Hatakipata. Atarudi mikono mitupu, na kwa mantiki yake hajakosea.

Atomu moja haiwezi kukaa mnyororo B na wakati huo huo ikae mnyororo D. Unachotaka ni atomu yoyote iliyo kwenye B au kwenye D:

select beta, chain B or chain D

Au kwa kifupi, chain B+D. Ile alama ya kujumlisha inafanya kazi ya “au”.

Kwa hivyo shika hivi: and hupunguza, or huongeza, not huondoa. Kila and unayoongeza ni sharti jingine ambalo atomu ile ile lazima ilitimize. Ukichanganya and na or kwenye sentensi moja, weka mabano ili usiiachie programu kazi ya kukisia ulichomaanisha.

Jibu la sifuri lina wema wake, kwa sababu linakuonya. Jibu la kuogopa ni lile linalokuja na atomu kadhaa, picha nzuri, rangi safi, na si ulichouliza.

Sita au saba?

Mfano wa hatari hiyo uko kwenye selimundu yenyewe, na si mchezo.

Ukisoma vitabu vya zamani na makala mengi ya utafiti, utaambiwa kosa liko nambari 6. Ukisoma ripoti za kisasa za vipimo vya jeni, utakuta limeandikwa kuwa liko nambari 7. Nani anadanganya? Hakuna. Chembe inapoanza kutengeneza mnyororo wa beta huanza na asidi amino iitwayo methionini, kisha huikata na kuitupa. Wataalamu wa jeni wanaihesabu. Waliopima protini iliyokamilika hawaihesabu, maana haimo.

Faili za PDB tunazotumia hapa zinahesabu bila methionini. Sasa chukua mwanafunzi aliyetoka kusoma ripoti ya jeni, akaandika resi 7 kwenye minyororo ile minne. Atapata nini? Atapata asidi glutamiki.

Na hapo ndipo penye mtego. Mnyororo wa beta wa kawaida una asidi glutamiki mbili zinazofuatana, nambari 6 na nambari 7. Ile ya 7 haiguswi na selimundu. Kwa hivyo mwanafunzi huyu anaona asidi glutamiki mahali alipotarajia valini, na anaweza kutangaza kwa ujasiri kwamba himoglobini hii ni nzima. Programu haikukosea. Ilijibu swali aliloulizwa. Tatizo ni kwamba swali lenyewe lilikuwa la nyumba ya jirani.

Dawa ya mtego huu ni kuilazimisha programu iseme kwa maneno imechagua nini. Kabla ya kuamini rangi yoyote, andika:

iterate mundu and name CA, print(chain, resi, resn)

Amri hii inapitia kila asidi amino uliyochagua, ikishika atomu moja tu ya kati iitwayo CA ili kila moja itajwe mara moja. Utaona mistari minne: B 6 VAL, D 6 VAL, F 6 VAL, H 6 VAL. Ukiona GLU au ASP, simama hapo hapo. Ukiona mistari minane, simama pia.

Kuna kipimo kingine cha haraka. Valini moja ina atomu saba bila kuhesabu haidrojeni, kwa hivyo valini nne zilizokamilika ni 28. Andika count_atoms mundu uone kama hesabu yako na ya kompyuta zinakubaliana. Ukipata 36, hizo ni asidi glutamiki nne, zenye atomu tisa kila moja. Hesabu ya darasa la tatu inaweza kukuokoa aibu ya kutetea picha isiyo sahihi mbele ya wasimamizi.

Kuwatafuta majirani

Kufikia hapa tumejua valini iko wapi. Swali kubwa ni inafanya nini.

Asidi glutamiki ina chaji ya umeme na hupenda maji. Valini haina chaji na hukwepa maji, kama tone la mafuta linavyojitenga kwenye sufuria. Ikikaa nje ya himoglobini, mahali palipojaa maji, itatafuta pa kujificha. Je, inajificha wapi?

Kwa kipanya, swali hili lingekuchukua jioni nzima. Kwa amri, ni mistari mitatu:

select mundu1, chain B+D and resi 6
select karibu1, chain E+F+G+H within 5 of mundu1
select jirani1, byres karibu1

Mstari wa kwanza unashika valini za himoglobini ya kwanza. Wa pili unauliza: kwenye himoglobini ya pili, ni atomu zipi zilizo umbali usiozidi angstromu 5 kutoka kwa valini hizo? Angstromu moja ni sehemu moja ya bilioni kumi ya mita, kwa hivyo tunazungumzia vitu vinavyokaribia kugusana.

Mstari wa tatu ni muhimu ingawa wengi huuacha. Neno within huleta atomu pekee zilizo ndani ya umbali huo, hata kama ni kipande tu cha asidi amino. Ni kama umeita jirani akaja kidole tu. Neno byres linasema: mlete mtu mzima.

Kisha uliza upande wa pili, kwa sababu hujui ni himoglobini ipi inayoingiza valini kwa mwenzake:

select mundu2, chain F+H and resi 6
select karibu2, chain A+B+C+D within 5 of mundu2
select jirani2, byres karibu2

Zichapishe zote kwa iterate kama tulivyofanya awali. Kati ya valini nne, si zote zilizo na jirani kutoka molekuli ya pili. Lakini pale ambapo himoglobini mbili zimeshikana, majina mawili ya kutafuta kwenye mnyororo wa beta ni PHE 85 na LEU 88. Hizi ni fenilalanini na lusini, nazo pia hukwepa maji, na kwa pamoja zinafanya kijishimo. Valini ya molekuli moja inaingia kwenye kijishimo cha molekuli nyingine kama ufunguo kwenye kufuli.

Himoglobini ya pili nayo ina valini yake inayoweza kumshika wa tatu, wa tatu akamshika wa nne. Ndivyo nyuzi ndefu zinavyojijenga ndani ya chembe ya damu na kuisukuma mpaka inajikunja. Kijishimo hicho hufunguka vizuri himoglobini inapokuwa imeachilia oksijeni, na ndiyo maana hatari huongezeka oksijeni ikipungua mwilini.

Maumivu ya mtoto aliyelazwa Kisumu yanaanzia kwenye mguso huo mdogo, na kijana mwenye laptopu ya mtumba anaweza kuuona kwa mistari sita.

Tahadhari moja: ile nambari 5 umeichagua wewe. Ukiweka 4, majirani watapungua. Ukiweka 8, utaleta mtaa mzima. Hakuna nambari takatifu, ila lazima uitaje kwenye ripoti yako, la sivyo msomaji hatajua “karibu” yako ni ya umbali gani.

Skripti ni ushahidi

Unaweza kuuliza: kwani nikibofya vizuri kwa makini, si nitafika pale pale? Pengine utafika leo. Lakini kesho mhadhiri akisema ubadilishe rangi, au uonyeshe himoglobini ya kawaida kando yake, utaanza kubofya upya kutoka mwanzo. Na hutakuwa na uhakika kwamba umebofya vile vile.

Chukua amri zako zote, ziweke kwenye faili ya kawaida ya maandishi, uiite selimundu.pml. Siku yoyote andika:

@selimundu.pml

Picha yote inajichora upya mbele yako kwa sekunde chache. Ukitaka kuona himoglobini ya kawaida, badilisha mstari mmoja tu: mahali pa fetch 2hbs weka fetch 4hhb. Umbo hilo lina himoglobini moja pekee, yaani minyororo A hadi D, kwa hivyo F na H hazitaleta kitu. Chapisha kundi la mundu na sasa utaona B 6 GLU na D 6 GLU. Ugonjwa na uzima, tofauti ya mstari mmoja.

Anayejua Python kidogo anaweza kwenda mbele zaidi, kwa sababu PyMOL imejengwa juu ya lugha hiyo. Tuseme unataka kila valini iwe na kundi lake:

from pymol import cmd
for m in "BDFH":
    cmd.select("mundu_" + m, "resi 6 and chain " + m)

Mistari mitatu imekupa makundi manne. Kama ungekuwa na maumbo 50 ya kulinganisha, kazi ingekuwa ile ile, kompyuta ndiyo ingetoka jasho.

Muhimu zaidi, skripti inaweza kusomwa na mtu mwingine. Mwenzako darasani anaweza kuifungua na kukuambia, “Hapa umeandika and, ulimaanisha or.” Hakuna anayeweza kusahihisha mbofyo uliopita jana usiku. Picha inaomba iaminiwe, lakini skripti inakubali kukaguliwa.

Picha nzuri si dawa

Kuna umbo jingine la kujaribia mkono: 5E83. Ni himoglobini ya selimundu ikiwa imeshikwa na dawa iitwayo voxelotor. Ili kuipata dawa yenyewe, tumia not:

fetch 5e83
select dawa, organic and not resn HEM+CMO
select karibu, polymer within 4 of dawa
select mshiko, byres karibu

Neno organic huchagua molekuli ndogo zisizo sehemu ya mnyororo wa protini. Tunaondoa HEM, ile heme inayobeba madini ya chuma, na CMO, kaboni monoksidi iliyoshika heme. Kisha tunauliza ni nani anayeigusa dawa.

Wengi wangetarajia kuikuta karibu na nambari 6 ya beta, kwenye kosa lenyewe. Kumbe sivyo. Dawa imeshika valini nambari 1, mwanzo kabisa wa mnyororo wa alfa. Kazi yake ilikuwa kuifanya himoglobini ishikilie oksijeni kwa nguvu zaidi, ili ibaki katika lile umbo lisilojenga nyuzi. Bila kuuliza swali kwa maandishi, macho yangeenda moja kwa moja kwenye nambari 6 na kukosa jambo.

Voxelotor iliidhinishwa Marekani mwaka wa 2019. Mwezi Septemba 2024, kampuni ya Pfizer iliiondoa sokoni kote duniani baada ya takwimu kuonyesha kwamba faida zake hazikuzidi tena hatari zake kwa wagonjwa. Umbo la 5E83 halikubadilika siku hiyo, na dawa bado inaonekana imekaa vizuri pale pale. Hilo ni funzo kwa kila kijana anayependa sayansi ya kompyuta: uteuzi sahihi unakuambia nani anamgusa nani. Haukuambii mgonjwa ataamkaje kesho. Kwa hilo bado tunahitaji maabara, wauguzi, na miaka ya kuwafuatilia watu kwa uangalifu.

Pa kuanzia

Huhitaji kompyuta ya bei ya gari. Faili za maumbo kama haya ni ndogo, hazimalizi bando, na ukishazipakua unaweza kufanya kazi bila intaneti kwa amri ya load badala ya fetch. Kama chuo chenu kinatumia programu tofauti, usiwe na wasiwasi. Swali ni lile lile, lahaja tu ndiyo inayobadilika. Kwenye VMD utaandika chain B D F H and resid 6. Kwenye ChimeraX utaandika select /B,D,F,H:6. Aliyejua kuuliza kwa lahaja moja hujifunza nyingine kwa siku moja.

Ushauri wa mwisho ni wa kalamu na karatasi. Kabla ya kugusa kibodi, andika swali lako kwa Kiswahili kamili: nataka kila asidi amino nzima ya himoglobini ya pili, iliyo umbali usiozidi angstromu 5 kutoka kwa valini nambari 6 ya minyororo ya beta ya himoglobini ya kwanza. Ukiweza kuandika sentensi hiyo bila kubabaika, amri itajitafsiri yenyewe. Ukishindwa kuiandika, shida haiko kwenye PyMOL. Bado hujajua unachotafuta, na hakuna programu itakayokujulia.